Rula ya Mwalimu Ssebbowa

Rula ile ilinuka mate. Hiyo ndiyo harufu inayonijia kwanza nikikumbuka nilivyojifunza Kiingereza, wala si harufu ya vitabu vipya au ya chaki, kama wanavyopenda kusimulia watu waliosoma wakafurahi. Ilikuwa rula ya mbao ya futi moja, iliyowahi kuwa ya manjano, na kingo zake zote mbili zilikuwa zimeliwa na meno ya watoto mpaka namba zikafutika. Mtoto yeyote wa darasa letu la saba pale Kyebando, Kampala, aliyekutwa akisema Kiganda, Kilugbara, Kinubi au Kiswahili aliitwa mbele, akasimamishwa kando ya ubao, akaambiwa afungue mdomo, na rula ikalazwa kati ya meno yake kama lijamu ya punda. Hapo aliing'ata hadi kengele ya mapumziko. Mate yalimtiririka kidevuni yakalowesha kola ya sare, na kengele ikilia rula ilifutwa kwa kitambaa cha ubao, ikarudishwa mezani kungoja mdomo mwingine. Nilionja rula ile mara nyingi kuliko nilivyoonja siagi, ambayo kitabu chetu cha Kiingereza kiliitaja kila baada ya kurasa mbili.

Mwenye rula alikuwa Mwalimu Ssebbowa. Ninayo picha moja tu ya darasa lile, na yumo, amesimama pembeni na rula yake mkononi kama mtu aliyeshika fimbo ya uchifu. Alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani mizito, na koti la sufu la kijivu ambalo hakulivua hata jua lilipokuwa likipasua vichwa. Mfukoni alichomeka kalamu mbili, na moja haikuwa na wino. Alifundishwa ualimu na Wazungu, na haikupita siku bila kutukumbusha. Alitembea kana kwamba Wazungu wale bado walikuwa dirishani wakimkagua. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe la Mwalimu Ssebbowa lilivuma kwa Kiingereza kuanzia saa mbili asubuhi. Akichangamka sana, r na l zilibadilishana viti mdomoni mwake, nasi tulichekea puani, kwa hadhari, maana hatukuwa na hakika kama kuna namna ya kucheka ambayo si ya Kiingereza.

Kiswahili, alituambia, ni lugha ya wezi na askari. Alilisema neno hilo mara nyingi, na kila alipofika kwenye “askari” macho yake yalitua juu yangu. Baba yangu alikuwa sajini wa polisi. Babu wa babu yangu aliletwa Uganda kutoka Sudan akiwa na bunduki ya Waingereza begani, akabaki, na sisi Wanubi tuliozaliwa baadaye tulirithi Kinubi cha jikoni, Kiswahili cha kambini, na macho ya majirani. (Kiswahili hiki sanifu ninachoandika nilikipata ukubwani, nilipoishi Nairobi. Kile cha utotoni kilikuwa cha amri na mizaha.) Nusu ya darasa letu walikuwa watoto wa askari wa namna moja au nyingine. Mwalimu alitudharau, nasi tulimdharau, na kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa na rula, yeye ndiye aliyeitwa mwenye nidhamu.

Lazima niseme siku zile zilikuwaje, maana bila hivyo upumbavu wetu hauonekani vizuri. Nchi ilikuwa mikononi mwa wanajeshi. Sukari ilikuwa ya kunong'onezana, sabuni ilikatwa vipande ikagawanywa kama sadaka, na watu walikwenda kazini asubuhi wasirudi, na majina yao hayakutajwa tena kwa sauti. Amri zote za maana zilitolewa kwa Kiswahili: simama, chuchumaa, toa kitambulisho, ingia ndani ya gari. Watu wazima wa Kampala waliokuwa wamekitemea mate Kiswahili maisha yao yote sasa walikuwa wakijifunza kimyakimya majumbani mwao namna ya kusema “ndiyo, afande” bila kutetemeka. Wakati huohuo sisi tulikuwa tumekaa juu ya mabenchi tukisoma habari za familia moja ya Kiingereza yenye mbwa aliyelala ndani ya nyumba, baba anayevuta kiko, na mama ambaye shida yake kubwa maishani ilikuwa kwamba mvua inaweza kunyesha kabla hawajafika kwenye mandari. Tuliambiwa tuwahurumie. Darasa zima liliimba kwa sauti moja kwamba ni lazima wachukue mwavuli, na siku moja tuliimba hivyo huku risasi zikisikika upande wa bondeni, na Mwalimu Ssebbowa akagonga meza kwa rula akatutaka tuongeze sauti.

Baba alikiamini Kiingereza kuliko Mwalimu mwenyewe. Katika kituo chao yeye ndiye aliyekamata wezi, yeye ndiye aliyewahoji, lakini ilipofika kuandika maelezo aliitwa kijana mmoja aliyekuwa chini yake kwa cheo, akakaa kwenye kiti, baba akasimama nyuma yake akimsimulia. Aliniambia mara moja, akivua viatu mlangoni: “Kiswahili kinatoa amri, mwanangu, lakini Kiingereza ndicho kinaweka sahihi.” Basi kila jioni nilimsomea gazeti la siku iliyopita. Hakuelewa hata nusu yake, nami sikuelewa nusu nyingine, lakini tulikaa pale kwa heshima kama watu wanaosikiliza hotuba msikitini. Mama, aliyekuwa akisuka sinia zake za ukindu wa rangi pembeni, aliuliza siku moja kama gazeti limesema sabuni itapatikana lini. Nilimwambia kwa Kiingereza kwamba amekatiza masomo. Hakuelewa, akatabasamu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeanza kuwa, na nilikuwa na miaka kumi na miwili tu.

Maana jambo la kuudhi ni kwamba nilikuwa hodari. Nilikichukia Kiingereza kama dawa ya minyoo, nikakimeza chote. Kwa hiyo shule ilipoalikwa kupeleka mtoto mmoja kwenye mashindano ya hotuba katika ukumbi mmoja kule Bugolobi, upande wa pili wa mji, Mwalimu Ssebbowa alinichagua mimi, kwa uso wa mtu anayelazimika kuuza ng'ombe wake bora kwa adui. Mwalimu mkuu wa sekondari moja ya bweni ya wasichana angekuwepo, na ilisemekana kwamba mshindi angepewa nafasi shuleni kwake. Baba aliposikia hivyo hakulala vizuri kwa wiki nzima. Hotuba aliiandika Mwalimu mwenyewe. Ilihusu faida za kuwahi. Katika mji ambao mabasi hayakuwa na mafuta na watu walipanga foleni tangu alfajiri bila kujua wanapangia nini, mimi nilikariri kurasa tatu za sifa za kufika kwa wakati, kwa maneno marefu ambayo hata leo sijakutana nayo mahali pengine. Nilikuwa kasuku aliyefunzwa na kasuku.

Siku moja kabla ya mashindano baba alikuja shuleni kutoa ruhusa. Alikuja na sare yake, vifungo vinang'aa, kofia kwapani. Alisimama mlangoni mwa darasa akaniuliza kwa Kiswahili kama niko tayari, nami nikamjibu, “Ndiyo, Baba.” Mtoto angemjibu nini baba yake? Baba aligeuka kwenda zake, na kabla hajafika kwenye lango, Mwalimu Ssebbowa aliniita mbele, akachukua rula, akasema kwa Kiingereza kwamba kanuni ni kanuni, hata kwa washindi. Nikafungua mdomo. Kupitia dirishani nilimwona baba amesimama, amegeuka, anatazama. Niliomba Mungu arudi amshike mtu yule kola kama alivyowashika wezi. Baba alirudi kweli, hatua kama tano, akamwambia Mwalimu kwa upole, na kofia yake bado kwapani: “Asante, Mwalimu. Mfundishe tu.” Kisha akaenda. Niliing'ata rula ile siku hiyo mpaka fizi zikatoka damu, na sikujua ni nani kati ya wale wanaume wawili niliyemdharau zaidi.

Kesho yake tuliondoka kwa miguu, mimi na Mwalimu, maana usafiri haukuwepo na yeye, mwandishi wa faida za kuwahi, alitaka tufike kabla ya waandalizi. Nilivaa sare iliyopigwa pasi ya mkaa, na mtandio mweupe ambao mama alinifunga kichwani kwa mikono yake. Mwalimu alibeba mkoba wa ngozi uliochakaa, na ndani yake, kama nilivyojua, mlikuwa na hotuba, kitambaa, na rula, maana hata safarini kanuni haikupumzika. Tulipita katikati ya mji ambao maduka yake mengi yalikuwa na makufuli, tukateremka kuelekea eneo la viwanda. Harufu ya makapi ya kahawa ilitupokea kwa mbali, nzito na chungu, ikichanganyika na moshi wa takataka. Njia nzima alinisahihisha matamshi. Nilimjibu kila mara kwa Kiingereza, ndiyo mwalimu, hapana mwalimu, na kichwani nilimtukana kwa Kinubi.

Kizuizi kilikuwa mahali ambapo jana yake hapakuwa na kitu: mapipa mawili ya lami, gogo juu yake, na wanajeshi watatu. Nyuma yao ilisimama Landrova iliyokuwa ikinguruma, na ndani yake walikaa watu waliokwisha kukamatwa, vichwa vyao vimeinamishwa. Mwanajeshi aliyetusimamisha alikuwa mrefu, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. Alimtazama Mwalimu, akanitazama mimi, akautazama mtandio wangu, akamrudia Mwalimu.

“Wewe, natoka wapi na mtoto ya watu?” aliuliza, kwa Kiswahili cha kambini ambacho “na” moja huwatosha mimi, wewe na yeye.

Mwalimu Ssebbowa alijibu kwa Kiingereza. Hakujibu kwa kifupi kama mtu mwenye akili. Alijibu kwa sentensi ndefu yenye viungo vyote, akieleza cheo chake, shule yake, mashindano na saa yenyewe. Mwanajeshi alimwambia aseme Kiswahili. Mwalimu akasema, bado kwa Kiingereza, kwamba yeye hatumii lugha hiyo, kwa sauti ileile ambayo mtu husema kwamba yeye hatumii tumbaku. Nilimwona mwanajeshi akikaza taya. Alichokielewa kilikuwa kile ambacho sisi wanafunzi tulikuwa tumekielewa siku nyingi: kwamba anadharauliwa. Aliunyakua mkoba, akaumwaga chini. Karatasi za faida za kuwahi zilitawanyika vumbini. Akaokota rula, akaigeuza, akazitazama alama za meno kwa mshangao wa kweli, kisha akaitupa kwenye mtaro wa maji machafu ya kiwanda.

“Huyu ni Mnubi,” alisema, akininyooshea kidole. “Wewe Muganda. Nampeleka wapi asubuhi hii?” Kisha akaniinamia, na sauti yake ikawa tofauti kabisa, sauti ya mtu mwenye mabinti nyumbani. “Binti, huyu ni nani yako?”

Hapo ndipo ilipokuwa kazi yangu. Maneno matatu tu yalitosha: ni mwalimu wangu. Nilikuwa nayo tayari, katika lugha niliyonyonyeshwa nayo, na mbele ya mtu aliyekuwa akiningoja niyaseme. Niliangalia viatu vyangu. Sikunyamaza kwa hofu, na napenda hilo lieleweke, kwa sababu watu wazima wote waliosikia habari hii baadaye walisema maskini, mtoto aliogopa. Sikuogopa. Nilikuwa nimekulia kati ya watu wenye bunduki, niliwajua kama mtoto wa mvuvi anavyoyajua maji. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kumwona Mwalimu Ssebbowa anachuchumaa. Nilitaka asimame mbele ya watu na mdomo usio na kazi, mate yamkauke au yamtoke, vyovyote vile, mpaka kengele ilie. Halafu ningemsemea. Nilikuwa nimepanga kumsemea. Nilikuwa nangoja tu nishibe.

Mwanajeshi alikisoma kimya changu kama mtu yeyote mwenye moyo wa baba angekisoma. “Mtoto namwogopa,” aliwaambia wenzake. “Huyu naiba mtoto.” Akampiga Mwalimu kofi moja, miwani ikaruka. Akamwamuru achuchumae. Mwalimu hakuelewa amri hiyo mpaka alipoonyeshwa kwa kitako cha bunduki, akachuchumaa, koti la sufu likiburuzika vumbini. Nilishiba nusu. Kisha akanigeukia, macho yake bila miwani madogo na maji, na kutoka katika mdomo ule yakatoka maneno ambayo sikuwahi kudhani yanaweza kukaa humo.

“Wewe, sema,” aliniambia kwa Kiswahili. “Sema mimi mwarimu yako.”

Nami nikasimama wima, mikono nyuma, kama nilivyozoeshwa kusimama mbele ya darasa, nikamjibu kwa Kiingereza, kwa matamshi aliyonifundisha mwenyewe: kwamba samahani, Mwalimu, haturuhusiwi kusema Kiswahili.

Sijawahi kusema sentensi ya Kiingereza iliyo safi kuliko ile. Kilichofuata kilikwenda upesi kuliko hesabu zangu. Mkubwa wao alipiga honi kutoka ndani ya Landrova, akapaza sauti kwamba maelezo atayatoa mbele. Wawili wakamshika Mwalimu makwapa, wakamrusha ndani juu ya wale wengine, na gari likaondoka likiacha moshi. Ndipo nilipofungua mdomo. Nilisema yote, kwa Kiswahili, kwa Kinubi, kwa pumzi moja: shule, mashindano, jina la baba na cheo chake, hotuba, na maneno yale matatu nayo yalikuwamo mahali fulani katikati. Nililisemea vumbi. Mwanajeshi mrefu alikuwa ameanza kumenya ndizi.

“Sasa ndiyo nasema?” aliniuliza. “Gari nakwisha kwenda.”

Alinipa nusu ya ndizi yake akaniambia nirudi kwetu. Maji yakimwagika hayazoleki, na siku ile nilirudi Kyebando kwa miguu nikiwa na nusu ya ndizi mkononi, sina mwalimu, sina hotuba. Nilimweleza baba kwamba Mwalimu amekamatwa kizuizini kwa sababu hajui Kiswahili. Ulikuwa ukweli wenye shimo katikati, na baba, aliyezoea kuhoji wezi, hakuliona shimo hilo kwa sababu halikumpitikia. Alikwenda kambini mara tatu kumuulizia, kofia mkononi, na mara tatu alirudishwa. Polisi hawakuwa kitu mbele ya wanajeshi. Mama alipeleka chakula kwa mke wa Mwalimu, akarudi akilia, akasema yule mama hana hata wa kumwendea, maana hajui lugha ya kuwaombea wale watu. Alisema pia kwamba nimshukuru Mungu mimi nimerudi. Husemwa ulimi hauna mfupa. Wangu siku ile ulikuwa nao.

Wiki haikuisha kabla mwalimu mwingine hajaletwa, kijana mwembamba aliyetoka chuoni. Siku ya pili alikuja na rula mpya, ya plastiki.

Mwalimu Ssebbowa alirudi mvua zilipokwisha. Wengi hawakurudi, kwa hiyo watu walisema ana bahati. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena, na alitembea akikanyaga kwa upande wa mguu. Alikuja shuleni mara moja tu, kuchukua vitu vyake. Alipita karibu na benchi langu akaniitikia kwa kichwa, kama mtu anavyomwitikia mwenzake wa kazini, nami nikainamisha uso kwenye daftari. Sikumwomba radhi. Nilijiambia kwamba mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na kwamba sasa ameujua uchungu wake. Methali ni kitu kizuri sana kwa mtu anayetaka kujidanganya. Kila uovu una yake. Hakufundisha tena. Nilisikia amehamia Ggaba, kando ya ziwa, ambako dada yake alikuwa akiuza samaki.

Huko Ggaba nilimwona tena, nikiwa mwanamke mzima niliyerudi kutoka Nairobi, wanajeshi wale wakiwa wamekwisha kukimbia na wengine kuchukua nafasi zao. Nilikwenda kununua sato. Nilisikia sauti kwanza, sauti ya mtu anayebishana na mchuuzi wa Kikenya juu ya uzani, kwa Kiswahili, kwa haraka, kwa mizaha, akicheka. Kilikuwa Kiswahili cha Kampala, kisichojali ngeli wala mpangilio, r na l zikiendelea kubadilishana viti, lakini kilikuwa hai kuliko Kiingereza chake kilivyopata kuwa. Alinitambua kabla sijaamua kama nijitambulishe. Akaniita Mama, kwa heshima, mimi niliyekuwa mwanafunzi wake. Nilimuuliza amejifunza wapi. Alisema kule ndani. Kule hapakuwa na Kiingereza, na walinzi walimfundisha neno kwa neno, na aliyekosea alijua amekosea. Alisema hivyo bila kinyongo, akipangusa magamba mikononi. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile.

“Wewe ulikuwa mwanafunzi nzuri sana. Siku ile mimi ndiyo navunja sheria yangu, wewe nakataa. Mimi nakumbuka hiyo kila siku.”

Alisema kwa fahari. Alikuwa ameketi ndani ya lile jela lao miezi ile yote, vidole vimevunjwa, akijifariji kwamba amefaulu kumfundisha mtoto mmoja kanuni. Kwa kitambo kifupi nilimdharau tena, Mungu anisamehe, kwa kutoelewa jambo lililo wazi vile. Kisha dharau ile ikakosa mahali pa kukaa, ikanirudia mwenyewe. Ningeweza kumwambia. Badala yake nilisema, “Asante, Mwalimu,” nikachukua samaki wangu nikaondoka. Hiyo ilikuwa mara ya pili kumnyima maneno. Alifariki miaka michache baadaye. Niliambiwa na muuza samaki.

Majuto ni mjukuu, na mimi ninaye mjukuu kweli, binti wa miaka saba anayeitwa Zamu, anayeishi nami hapahapa Kyebando. Shule yake ina geti la chuma, basi la rangi, na jina refu lenye neno “kimataifa”, ingawa iko nyuma ya kinyozi. Hawatumii rula. Siku hizi wameendelea: wanatuma barua. Barua ya muhula huu imeandikwa kwa adabu nyingi, inawaomba wazazi na walezi wote waseme na watoto Kiingereza peke yake nyumbani, ili wasije wakachafua matamshi yao. Inataka sahihi ya mlezi chini. Nilipokuwa mdogo walituziba midomo darasani tukaifungua tukifika nyumbani. Sasa wanataka tujizibe wenyewe, sebuleni kwetu, na tuweke sahihi kwamba tumeridhika. Na majirani wanaweka. Nawasikia jioni, watu wazima waliozaliwa katika lugha tatu, wakiwaamuru watoto wao kula kwa Kiingereza ambacho hakitoshi hata kumwita kuku. Vizuizi bado vipo, havina mapipa tu, na watoto wetu wanafikishwa mbele yake wakiwa na lugha moja mkononi kama alivyofikishwa Mwalimu Ssebbowa na koti lake.

Juzi nilikuwa nimeketi na barua hiyo mapajani, kalamu mkononi, nikitafuta picha ya pasipoti ya mtoto kwenye kopo la karatasi za zamani. Zamu akachomoa ile picha ya darasa. Aliitazama kwa makini, akapita juu ya nyuso zetu sote bila kunitambua, akaweka kidole juu ya mtu mfupi mwenye koti na rula. Aliniuliza kwa Kiingereza chake chepesi, kisicho na kosa hata moja, huyu ni nani.

Nilikuwa na muda wote wa kujibu. Hakuna gari lililokuwa likinguruma.

“Ni mwalimu wangu,” nikamwambia.

Hakuelewa. Akaniomba niseme tena kwa Kiingereza, nami nikayarudia maneno yale matatu vilevile, polepole, mpaka akaweza kuyasema mwenyewe.